Acheni Kuuza Nanasi la Miono kwa Anwani ya Uongo



Leo naacha kando viwavijeshi na bei ya mbegu. Nataka tugombane kidogo kuhusu mstari mmoja wa maandishi ambao baadhi yenu mmeanza kuulipia bila kuusoma: anwani inayoonekana kwenye tangazo lenu la Google.

Kwa ambaye hajawahi kuliona tangazo la namna hiyo, ni hivi. Muuza juisi wa Sinza anachukua simu, anaandika "nanasi bei ya jumla". Majibu yanayotokea juu kabisa mara nyingi ni matangazo yaliyolipiwa. Kila tangazo lina kichwa, maelezo mafupi, na anwani ya tovuti. Muuza juisi akibofya, wewe mwenye tangazo unakatwa hela, hata kama hatanunua nanasi hata moja. Akilipita bila kubofya, hukatwi. Kwa hiyo kazi ya tangazo ni mbili: kumfanya mnunuzi wa kweli abofye, na kumfanya asiye mnunuzi wako apite zake. Hii ya pili watu wanaisahau, na ndiyo inayomaliza hela za vikundi.

Wamezuka vijana wanaopita kwenye vikundi wakiuza huduma ya kutangaza. Sina ugomvi na kazi yao, wapo wanaoifanya vizuri na kwa uaminifu. Ugomvi wangu ni na sentensi moja ninayoisikia karibu kila kikao: "Anwani haina shida, bosi, tutaweka yoyote inayovuta." Mtu akikwambia hivyo, funga daftari. Hajui kazi yake, au anaijua na anakuona wewe hujui.

Tuielewe kwanza anwani yenyewe. Chukua hii ya mfano: nanasimiono.co.tz/bei-ya-jumla. Kipande cha kwanza, kabla ya alama ya mkwaju (/), ni jina la tovuti. Hicho hakitungwi. Google hukichukua kwenye ukurasa ule ule anakopelekwa mteja, na kanuni zao zinakataza tangazo kuonyesha jina moja halafu kumpeleka mtu kwenye jina jingine. Kipande cha pili, baada ya mkwaju, ni maneno unayoyaandika mwenyewe. Tangu 2016 zipo nafasi mbili za namna hiyo, kila moja herufi 15 na si zaidi, vistari navyo vikihesabiwa. Sasa sikiliza vizuri: si lazima ukurasa wenye maneno hayo uwepo. Ukiandika /bei-ya-jumla, mteja hapelekwi kwenye ukurasa unaoitwa hivyo. Anapelekwa pale ulipopanga wewe. Maneno yale ni kibao cha barabarani tu, na kibao unaweza kukigeuza kielekee popote.

Ndiyo maana uongo umejazana kwenye kipande hicho cha pili.

Nianze na uongo unaotuhusu sisi hasa. Nanasi la Kiwangwa lina jina Dar es Salaam. Hilo nalikubali, na wenzetu wanalistahili, wamelijenga kwa miaka. Basi kijana wa matangazo anakushauri: "Kwenye nafasi ya kwanza tuandike nanasi-kiwangwa, ndilo neno watu wanalotafuta." Wewe shamba lako liko Miono, nanasi limelimwa Miono, limevunwa Miono, lakini unakubali. Mimi nauita huo ni wizi. Tena ni wizi wa kijinga, kwa sababu anayeumia zaidi ni wewe uliyeiba.

Fuatilia safari ya mteja. Mtu ana Canter yake Dar es Salaam. Ameona Kiwangwa, akapiga hesabu ya mafuta: atapita Bagamoyo, ashike lami ya kwenda Msata, apakie njiani, arudi jioni. Amebofya, umekatwa. Amepiga simu. Unaanza kumweleza kwamba mzigo uko Miono kidogo, na kwamba akifika Kiwangwa aendelee hadi Msata, aelekee kaskazini, avuke Wami, afike Mandera, halafu akunje kuja kwetu. Unadhani atasemaje? Atakata simu, na wiki ijayo akisikia neno Miono atakumbuka ni wale waongo. Nanasi nalo halikungoji. Likishakatwa haliongezi utamu, na likishaiva ni la kuondoka. Umelipia mbofyo, umechoma muda wa maongezi, na mzigo uko chini ya mwembe.

Lakini hasara kubwa zaidi huioni, kwa sababu haikupigii simu. Ni yule dereva mwenye Fuso anayerudi mtupu kutoka Tanga kwa barabara ya Segera na Chalinze. Huyo Mandera iko njiani kwake. Angeona neno Miono kwenye anwani angebofya, maana mzigo wa kurudia ndio faida yake. Ameona Kiwangwa, akaona ni kona ya kupoteza muda, akapita. Yule ambaye asingenunua umemlipia, na yule ambaye angenunua umemfukuza. Hiyo ndiyo "inayovuta" waliyowauzia.

Na msiniambie kwamba jina letu halitoshi kwenye nafasi. Nimehesabu. Nanasi-kiwangwa ni herufi 15 pamoja na kistari. Nanasi-la-miono ni herufi 15 pamoja na vistari. Zinalingana sawasawa, kana kwamba Google ilipima kwa futi yetu. Kiwangwa walianza kwa kuandika Kiwangwa. Tukiendelea kuazima jina la jirani kila msimu, wajukuu zetu watauza nanasi lisilo na kwao.

Uongo wa pili ni mdogo lakini ni wa kila siku: /bei-ya-jumla, halafu mteja akifungua ukurasa hakuna bei. Kuna picha nne za nanasi, moja imepigwa nchi nyingine kabisa, na maneno "piga simu kwa bei". Kama bei inabadilika kila wiki, na kweli inabadilika, usiandike neno bei kwenye anwani. Andika /mzigo-mkubwa, au /nanasi-za-juisi, au chochote ambacho ukurasa wako unakionyesha mtu akifika. Na ninyi wafanyabiashara wa kijijini mnaonunua kwa wenzenu na kupeleka Dar, acheni /bei-ya-shamba. Ninyi hamna bei ya shamba, mna bei ya jumla, na si aibu. Mnakusanya, mnachambua, mnapakia, mnabeba hasara ya yanayooza. Hiyo ni kazi halali, ina jina lake, iandikeni.

Kabla sijasahau, maana nimeulizwa mara mbili mwezi huu: ufuta na korosho msizitangaze kabisa kwa namna hii. Kwenye mkoa wetu mazao hayo yanapita AMCOS, yanaingia stakabadhi ghalani na kuuzwa kwa mnada. Anayekushauri uweke /ufuta-shambani kwenye tangazo anakuandalia ushahidi wa kukukamata.

Sasa nije kwenye kipande cha kwanza cha anwani, kile ambacho hakitungwi. Hapa tatizo si maneno. Tatizo ni mwenye mali.

Kipo kikundi kimoja, si cha kata yetu na sitakitaja, kilichotangaziwa msimu mzima kwa anwani nzuri tu, fupi, yenye jina la kikundi. Wateja waliizoea, wengine waliihifadhi kwenye simu. Ukaja ugomvi wa malipo na kijana aliyewatengenezea. Siku ya pili anwani ile ile ilikuwa inauza mananasi ya watu wengine, na namba ya simu imebadilishwa. Viongozi walipofuatilia wakakuta jina lote limesajiliwa kwa kijana, kwa barua pepe yake, na risiti yake. Kikundi hakikuwa na karatasi hata moja. Walikuwa wamelipia kupaka rangi nyumba ya mtu.

Wazee wa huku mnajua ugomvi wa viwanja kuliko mimi. Hakuna kati yenu anayeweza kujenga banda la matofali kwenye kiwanja cha mtu kwa kuambiwa kwa mdomo "jenga tu, hakuna shida". Mbona kwenye mtandao mnajenga?

Tena wengine hawasajiliwi hata jina. Wanapewa anwani ya mfano huu: miono.matangazobora.co.tz. Mwenyekiti anaona neno Miono limetangulia, anafurahi, anadhani ni la kwao. Anwani haisomwi hivyo. Simama kwenye mkwaju wa kwanza, halafu rudi nyuma kutoka kulia kwenda kushoto. Kwanza tz, nchi. Kisha co, biashara. Kisha matangazobora: huyo ndiye mwenye nyumba. Lile neno miono la mbele ni chumba tu alichowapangisha, na siku akitaka kukifunga atakifunga. Kwenye tangazo, sifa yote mnayoilipia inakwenda kwa mwenye nyumba.

Kurasa za bure nazo ni hivyo hivyo. Ukitangaza ukurasa uliotengenezwa kwenye sites.google.com, jina linaloonekana ni la Google, si lako. Wanaopenda kuonekana wakubwa wanaona hiyo ni sifa. Mwanzoni mwa 2025 kampuni ya usalama wa kompyuta iitwayo Malwarebytes ilieleza jinsi matapeli walivyoitumia sifa hiyo. Walitengeneza kurasa kwenye huduma hiyo ya bure, wakazitangaza, na tangazo likaonyesha jina la Google kihalali kabisa, maana kweli ukurasa ulikaa chini ya jina hilo. Walioingia waliporwa nywila za akaunti zao za matangazo. Mnunuzi aliyesikia habari kama hizo akiona ukurasa wako wa bure atakuweka kundi lipi? Utajitetea kwa nani?

Najua kuna watakaosema, "Bwana shamba, sisi wadogo, hela ya jina la tovuti tutaitoa wapi?" Ni hoja ya kweli na nitaijibu kweli. Kama kikundi hakina hela ya kusajili jina lake na kulilipia kila mwaka, basi hakina hela ya kutangaza Google. Acheni kabisa. Wekeni biashara yenu kwenye ramani ya Google, kujiandikisha pale ni bure, na tumieni makundi ya WhatsApp. Kulipia mibofyo inayokwenda kwenye jina la mtu mwingine ni sawa na kumwagilia shamba la jirani wakati lako linakauka.

Kama hela ipo, fanyeni hivi. Majina yanayoishia na .tz yana rejista yake, na husajiliwa kupitia kwa wasajili walioidhinishwa. Jina lisajiliwe kwa kikundi, si kwa kijana, si kwa mwenyekiti, wala si kwa mtoto wa mwenyekiti anayesoma chuo. Barua pepe ya usajili iwe ya kikundi. Nywila wajue angalau viongozi wawili. Risiti ikae kwenye faili pamoja na katiba ya kikundi. Akaunti ya matangazo nayo iwe ya kikundi, kijana apewe ruhusa ya kuiendesha, na ruhusa hiyo iweze kuondolewa. Na tarehe ya kulipia upya iandikwe ukutani, kwa sababu jina lisipolipiwa linafutwa na mwingine anaweza kulichukua.

Kulichagua jina lenyewe si kazi ngumu, ila watu wanaifanya ngumu. Nina kipimo kimoja. Mpigie simu shangazi yako wa Mbagala, mtajie jina mara moja tu, umwambie aliandike kwenye karatasi na akupigie picha. Ukimtajia nanasimiono nukta co nukta tz, ataliandika. Ukimtajia miono fresh quality pineapples, utaletewa "mionofreshi kwaliti painapo", na kila aliyekosea herufi moja ni mteja aliyepotea. Kiswahili chetu kinaandikwa kama kinavyotamkwa. Hiyo ni mali, na watu wanaitupa ili waonekane wa kimataifa kwa mteja ambaye yuko Temeke. Halafu mnaandika umojawawakulimawamananasimiono, herufi zimeshikana kama utomvu, mtu hajui neno linaanzia wapi. Fupisheni. Vistari ndani ya jina viacheni, watu huvisahau. Amueni kama ni nanasi au mananasi, mkiweza mchukue yote mawili, na mjina lisiwe na mwaka wala jina la mtu, maana uongozi hubadilika.

Ninyi ninyi mnaotangaza ndio pia mnaobofya matangazo ya wengine: mbegu, pampu, mikopo, mbolea. Kwa hiyo jifunzeni kuisoma anwani kwa macho ya mnunuzi. Taasisi za serikali yetu zinatumia majina yanayoishia na go.tz, na hiyo nukta kati ya go na tz haibadilishwi kuwa kistari. Mamlaka ya mbolea ni tfra.go.tz. Ukiona neno go-tz katikati halafu mwisho kuna .com, hiyo si serikali, hata kama kuna picha ya nembo. Ukiona neno ruzuku baada ya mkwaju, kumbuka niliyosema: baada ya mkwaju kila mtu anaandika anachotaka. Usajili wa mbolea ya ruzuku tunaufanya kijijini na hauhitaji kubofya tangazo la mtu.

Na ukishabofya, isome anwani tena, kwa sababu matapeli huvunja hata kanuni ya Google. Oktoba 2023 Malwarebytes hao hao walionyesha tangazo feki la programu ya kutunzia nywila iitwayo KeePass. Aliyebofya alifika kwenye tovuti yenye jina kama lile halisi, isipokuwa herufi k ilikuwa na kialama chini yake, kidogo kama uchafu kwenye kioo cha simu. Waliopakua walipakua virusi. Pembeni ya tangazo la Google pia kuna nukta tatu, ukizibonyeza utaona nani amelilipia. Jina la pale na jina la tovuti yakipishana, uliza kabla ya kutuma hela.

Hili ninyi mnalijua tayari kwa njia nyingine. Mtu akikutumia ujumbe "ile hela tuma kwenye namba hii", huitumi, na wengi wenu sasa mnaipeleka namba hiyo 15040. Ukilipa kwa lipa namba, unasoma jina linalojitokeza kabla ya kuweka namba ya siri. Duka ni la Mwanaidi na jina lililotokea ni la Juma, unasimama, unauliza. Mnunuzi wa nanasi wa Dar anafanya vivyo hivyo na anwani yenu. Yeye amesimama mbele ya jina, kidole juu ya kioo, anajiuliza kama hawa watu ni wale wanaosema ni wao. Mnampa jibu gani mkimwandikia Kiwangwa, kwa jina la kijana wa matangazo, kwenye ukurasa usio na bei?

Vikundi vyenye tangazo linaloendelea hivi sasa, viongozi wawili wawili njooni nalo ofisi ya kata wiki hii, asubuhi kabla sijatoka kwenda mashambani. Leteni simu yenye bando, risiti ya jina la tovuti, na kijana wenu wa matangazo mwenyewe. Asipotaka kuja, njooni na risiti. Risiti ikikosekana, msilipie tangazo la wiki ijayo mpaka ipatikane.